Mshahara wa Jina Moja

Sogeeni, wakubwa kwa wadogo, msikilize kisa cha madereva watatu. Msiningojee nimalize kwa jibu, maana jibu sinalo. Nimewaletea nyinyi mlitafute.

Kuna nchi moja ya kisiwa, ndogo hivi kwamba lori likitoka bandarini baada ya chai ya asubuhi, adhuhuri haijaingia na barabara imekwisha. Katika nchi hiyo alikuwako Bwana Ngwali, mwenye malori mawili. Moja lilikaa juu ya mawe, halina magurudumu, kuku wanataga ndani yake. La pili lilikuwa bado linatembea, nalo ndilo lililowalisha madereva watatu kwa zamu. Walimwita tajiri, kama madereva wanavyomwita kila mwenye gari, ingawa tajiri huyo alikuwa akila mihogo kama wao.

Dereva wa kwanza aliitwa Vuai. Yeye alijaliwa mikono. Aliweza kulirudisha lori kinyumenyume katikati ya soko la samaki, meza huku na meza huku, na asitikisike hata dagaa mmoja. Watu wakimsifu alicheka tu na kusema, "Mimi sijafanya kitu. Limependa lenyewe."

Wa pili alikuwa mwanamke, Mize. Yeye alijaliwa wepesi. Wenzake wakiwa bado wanaulizana kumetokea nini, Mize ameshafanya la kufanya. Mumewe, Faki, ndiye aliyekuwa dereva wa lori hilo zamani, mpaka macho yake yakaingia ukungu. Siku Faki aliposhindwa kuiona barabara, Mize alikwenda kwa tajiri akasema, "Nipe kiti cha mume wangu." Watu walimcheka kwa muda, kisha wakachoka kucheka.

Wa tatu, mdogo wao, aliitwa Mcha. Huyu alijaliwa kushika. Alichokishika hakikumponyoka. Ndiye aliyefunga mizigo, na tangu aanze kufunga, hakuna aliyewahi kuona hata kiroba kimoja cha unga kimeanguka barabarani.

Malipo yao yalikuwa sawa, nayo yalikuwa ya tripu. Meli ikija, kuna kazi. Meli isipokuja, wanakaa bandarini wakitazama bahari na kurudi nyumbani mikono mitupu. Tairi likipasuka njiani, wanaziba kwa fedha yao. Dizeli ikipungua, wanakatwa. Ndiyo maana kilichopatikana kwenye usukani na kilichofika nyumbani havikuwa kitu kimoja. Kwa Vuai kilifika kibaba cha mchele na furushi la dagaa, na watoto sita wakikisubiri pamoja na mama mkwe. Kwa Mize ilifika dawa ya macho ya Faki, na chenji yake ndiyo chakula. Mcha hakuwa na wa kumlisha, lakini alikuwa na mchumba, na baba wa mchumba alikuwa amemwambia waziwazi, "Kijana, wewe nakupenda. Lakini binti yangu simpi mtu anayelipwa na meli."

Wasingeweza kwenda kwingine. Kwingine ni wapi? Bandari ilikuwa moja, na malori mengine ya kisiwa yalikuwa na madereva wao, nao wakilia kilio kilekile.

Basi, mwaka mmoja pampu ya maji ya mji wa Ras Mkungu, kule barabara inakoishia, iliungua. Watu wakarudi kwenye visima vya chumvi, na watoto wakaanza kuharisha na kulazwa. Serikali ikaagiza mashine mpya kutoka ng'ambo. Ilipofika ilikuwa kubwa kama chumba cha nyumba, ya chuma kitupu, na lori pekee lililokuwa na bodi ya kuichukua lilikuwa la Bwana Ngwali. Mvua ilikuwa imenyesha tangu wiki iliyotangulia.

"Nendeni nyote watatu," tajiri akawaambia. "Vuai aendeshe, Mize akae naye mbele, Mcha apande nyuma na mashine. Malipo ni ya tripu moja, mtagawana."

"Tajiri," Mize akamwambia, "tripu moja kwa watu watatu?"

"Bi Mize, idara ya maji imenilipa tripu moja. Hiyo nyingine niitoe wapi?"

Mize akajifunga kanga kiunoni. Wakapanda, wakaondoka.

Safari ilikwenda vizuri mpaka juu ya mteremko wa Majabalini. Hapo barabara imechongwa ubavuni mwa mlima: upande mmoja ukuta wa udongo mwekundu, upande wa pili korongo. Mwisho wa mteremko kuna soko la Bondeni, limekaa barabarani kabisa, na saa hiyo watoto walikuwa wametoka shule. Vuai aliingia kwa gia ndogo, akakanyaga breki kidogokidogo kama ilivyo kawaida. Lakini mashine ilikuwa nzito mno. Walipofika katikati ya mteremko moshi ukaanza kutoka kwenye magurudumu, na pedali ikazama mpaka chini bila kukamata kitu.

"Mize," Vuai akasema taratibu, "hatuna breki."

Vuai angeweza kufungua mlango na kuruka. Hakuruka. Aliusogeza ubavu wa lori kwenye ukuta wa udongo, akaliacha likwaruze, akaliondoa kidogo kabla halijapinduka, akalirudisha tena. Kioo cha pembeni kiling'oka, mlango ukakunjika kama karatasi, udongo ukamjaa mapajani. Usukani ulimpiga vifundo mpaka vikatoka damu. Kila likikwaruza, mwendo ulipungua kidogo. Kama si mikono ya Vuai, lori, mashine na watu wake wangeishia korongoni.

Huko nyuma, kishindo cha kwanza kilikata mnyororo mmoja. Mashine ikaanza kuteleza kuelekea kabini, walipokuwa Vuai na Mize. Mcha naye angeweza kuruka, kwani udongo laini ulikuwa karibu kabisa na mkono wake. Hakuruka. Alikishika chuma cha kukazia mnyororo uliobaki, akakilalia kwa bega na kifua kisifyatuke, na kila lori likiruka, chuma kilimwingia mwilini. Alipiga kelele, lakini hakuachia. Bega lilitoka mahali pake, na bado hakuachia. Kama si bega la Mcha, ile mashine ingewasaga wenzake wawili, na lori lisilo na dereva lingeshuka hadi sokoni.

Walipofika kona ya mwisho lori lilikuwa likienda kwa mwendo wa mtu anayetembea. Vuai akaanza kushusha pumzi. Hapohapo gia ikaruka. Lori likawa huru, likaanza kubingirika upya, na meza za soko zilikuwa mbele yao. Kabla Vuai hajapata neno la kusema, kiti cha pembeni kilikuwa kitupu. Mize alikuwa ameshafika chini na gogo la kuzuilia magurudumu mkononi. Akalitupa mbele ya gurudumu la nyuma, gurudumu likalitema. Akaliokota, akakimbia, akaliweka tena, na safari hii akalikinga kwa mguu wake lisiteleze, mpaka gurudumu likalipanda. Lori likalala, likatulia. Mguu wa Mize ulikuwa chini ya gogo. Kama si mguu ule, leo Bondeni kungekuwa na makaburi ya watoto.

Mama mmoja muuza mihogo alikuwa ameiacha biashara yake na kuwakumbatia watoto waliokuwa karibu, macho ameyafumba. Alipoyafumbua, bampa ya lori ilikuwa imeigusa meza yake.

Mashine ilimaliziwa safari kwa trekta. Ras Mkungu wakapata maji, na watoto waliolazwa wakarudi nyumbani. Mize alifungwa plasta, bega la Mcha likarudishwa mahali pake, Vuai akafungwa vitambaa mikononi. Daktari akasema wote watatu watapona na wataweza kuendesha. Lakini lori halikupona. Fremu yake ilikuwa imevunjika, na Bwana Ngwali hakuwa na fedha ya jingine. Alilizunguka mara kadhaa, akalipapasa kama mtu anayeaga maiti, akaenda kukaa.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo kisa kinapokuwa kigumu.

Ofisa wa idara ya maji alifika nyumbani kwa Bwana Ngwali akiwa ameshika ufunguo mpya. Akasema, "Idara inawashukuru. Tumepata lori letu wenyewe, na linahitaji dereva. Mshahara wa kila mwezi, meli ije isije. Akiugua anatibiwa, akizeeka ana pensheni. Tumekubaliana nafasi hii iende kwa mmoja wa watu wako."

"Mmoja?" Bwana Ngwali akauliza. "Walikuwa watatu."

"Najua, mzee wangu. Lakini lori ni moja na dereva ni mmoja. Hivyo ndivyo ilivyopitishwa. Nipeni jina Jumatatu. Mkishindwa, nafasi itatangazwa na mtu yeyote ataiomba." Akamwachia ufunguo na karatasi ya kuandika jina, awapelekee madereva.

Madereva wale wakakutana barazani kwa Mize. Faki alikuwa amekaa pembeni, amegeuza sikio. Ufunguo ulikuwa juu ya mkeka.

Mcha ndiye aliyeanza. "Kaka Vuai, dada Mize, mimi nina wazo. Mmoja wetu aandikwe jina, mshahara tugawane sehemu tatu."

Vuai akatikisa kichwa. "Mdogo wangu, mshahara ukishaingia nyumbani una wenyewe. Mke wangu ataniuliza, kwa nini watoto wanalala na njaa wakati baba yao ana kazi ya serikali? Nitamjibu nini?"

"Mimi nikipewa nitawagawia," Mize akasema. "Mwaka wa kwanza nitawagawia, wallahi. Mwaka wa pili sijui. Sitaki kuwadanganya."

Kisha Vuai akasema, kama mtu anayejionea haya, "Mimi ndiye niliyekuwa kwenye usukani. Wanatafuta dereva, na siku ile aliyeendesha ni mimi. Na nina watoto sita."

"Uliendesha kwa kuwa ulikuwa hai," Mcha akamjibu. "Na ulikuwa hai kwa sababu ya bega langu. Sina watoto, kweli. Lakini nitawapataje, kaka? Mwezi ujao wanamwoza mchumba wangu kwa mtu mwingine."

"Nyote mlilipunguza mwendo," Mize akasema. "Lakini halikusimama mpaka nilipolisimamisha mimi. Kama daktari wa mjini angesema macho ya Faki hayatibiki, nisingefungua mdomo. Amesema yanatibika, ila si kwa fedha ya tripu."

Faki akasema kutoka pembeni, "Mke wangu, usiniingize mimi. Kama hili litawatenganisha, urudisheni huo ufunguo."

"Tukiurudisha," Mize akamwambia, "atapewa mtu ambaye hajui hata Majabalini iko wapi. Tutakuwa tumefanya wema gani, na kwa nani?"

Mcha akafunika uso kwa mkono wake mzima. Hakuna aliyekuwa amesema uongo, na hakuna aliyeweza kumwambia mwenzake kwamba anachokitaka ni kikubwa mno.

Wakaenda kwa Bwana Ngwali. "Tajiri, chagua wewe."

Mzee akawatazama mmoja mmoja. "Wanangu, niliwatuma watatu kwa malipo ya mtu mmoja. Mimi nina uso gani wa kuchagua?" Akaingia ndani, akafunga mlango.

Wakaenda kwa yule mama wa Bondeni, kwa kuwa yeye alikuwapo pale lori liliposimama. Aliwakaribisha, akawapa mihogo ya kuchoma, akakataa fedha yao. Walipomwuliza nani kati yao aliyeiokoa roho yake, alianza kulia.

"Mimi nilifumba macho," akasema. "Nilipofumbua mlikuwa mmeshaniokoa. Ningewezaje kujua ni nani?"

Waliposhuka kwenye gari la abiria wakaenda nyumbani kwa miguu, Mize kwa mkongojo mmoja akiegemea bega zima la Mcha, Vuai akiwa amembebea mkongojo wa pili. Walikuwa bado wanapendana, na hilo ndilo lililowaumiza zaidi. Kila mmoja alikuwa akimwombea mwenzake apate, na papo hapo akiogopa asije mwenzake akapata.

Ilikuwa Jumapili jioni. Ofisa angekuja kesho yake asubuhi, na karatasi ya jina ilikuwa tupu. Waliuweka ufunguo kati yao, wakaketi wakiuangalia, na hakuna aliyenyoosha mkono.

Kisa changu kimefika hapo, na sikukipunguza wala kukiongeza. Vuai aliongoza, Mcha alishikilia, Mize alisimamisha. Ukimtoa mmoja, wote wamekufa na soko zima. Haya, wewe uliye mbele, nawe bibi uliye nyuma, nanyi watoto mnaonong'onezana, semeni: ufunguo mngempa nani? Na mkishamaliza kumpa, wale wawili watakapowatazama usoni, mtawaambia nini?