Kihenge cha Bi Kanga

Paukwa.

— Pakawa.

Pakawa na nini?

— Na mji.

Mji wa nani?

— Wa waliochoka.

Kaeni vizuri basi, wanangu. Walio nyuma wasogee mbele. Leo sauti yangu haiendi mbali.

Hapo kale moto ulikula msitu. Wanyama wakatembea. Wakatembea, wakatembea, wakatembea, mpaka miguu ikakataa. Pale miguu ilipokataa, ndipo wakajenga mji. Wakauita Tumefika.

Lakini kufika si kupumzika. Mchana walijenga, usiku walilinda. Kila mmoja alilinda mlango wake mwenyewe, maana hakuna aliyemjua jirani yake. Kukicha, Ngiri alisinzia akichimba msingi. Nungunungu alisinzia akibeba udongo. Mzee Pimbi, mkubwa wa mji, alisinzia katikati ya hotuba yake mwenyewe.

"Hatuwezi kuendelea hivi," akasema Pimbi alipozinduka. "Nani atatulinda, tulale?"

Mbweha akasimama. Tayari alikuwa amejifunga mkanda mpya kiunoni.

"Mimi nitakuwa polisi wenu," akasema. "Nijazieni kihenge changu nafaka, basi. Nitazunguka mji, ninyi mtalala."

"Na wewe ukipitiwa na usingizi?" akauliza Kanga.

Kanga alikuwa mjane mwenye vifaranga wengi. Chakula chao chote mpaka mavuno kilikuwa mtama ndani ya kihenge kimoja, nyuma ya nyumba.

Hapo akanyanyuka Kanu. Mnamjua Kanu, yule mwenye madoadoa na mkia mrefu wa pete. "Usiogope, mama," akasema. "Mimi nitaweka bima."

Bima si jambo gumu, wanangu. Kila mtu anatoa kidogo, kinawekwa ghala moja. Mmoja akipatwa na hasara, anafidiwa humo. Ni jambo jema. Likiwa na mtunzaji mwema, ni jambo jema sana.

"Mkiibiwa polisi akiwa macho, nitalipa," akasema Kanu. "Mkiibiwa akiwa amelala, hilo ni lake yeye, si langu."

"Sawa, sawa," wakasema wanyama. Hawakufikiri. Aliyechoka hukubali neno lolote linaloelekea kitandani.

Mmeona tatizo? Bado? Subirini.

Asubuhi moja, mvua za kupandia ndiyo kwanza zinaanza, Kanga akafungua kihenge chake. Akachungulia: hamna kitu. Akaingiza kichwa: hamna kitu. Akapekua chini kwa kucha, akapata punje moja. Akageuka. Vifaranga walikuwa wamejipanga nyuma yake, wanangoja.

Akampa punje ile aliye mdogo kuliko wote, akaenda kwa Mbweha.

"Bwana Mbweha, nimeibiwa."

"Na nani, Bi Kanga?"

"Ningemjua, ningekuja kwako?"

"Mimi nilikuwa macho usiku kucha. Hakupita hata panya. Kama hakupita mtu, hujaibiwa. Haya mambo ya vihenge muulize Kanu. Nenda kule."

Akaenda kule.

"Pole, mama. Pole sana," akasema Kanu. "Polisi anasemaje?"

"Anasema alikuwa macho, hakupita mtu."

"Basi hujaibiwa."

"Na kama alilala?"

"Kama alilala, hilo ni lake. Nenda kule."

Akarudi kule.

"Nililala?" akauliza Mbweha. "Nani aliniona?"

"Nani angekuona? Mji mzima ulikuwa umelala."

"Haya sasa. Huna shahidi. Labda Mzee Pimbi atakusaidia. Nenda kule."

Semeni nami, wanangu: nenda kule.

— Nenda kule.

Mmechoka? Mmesema mara moja tu. Kanga alitembea mpaka jua likawa utosini. Mzee Pimbi akamsikiliza kwa jicho moja, lile jingine limelala. "Mwanangu, mji una utaratibu," akasema. "Umeonana na Mbweha? Umeonana na Kanu? Basi nenda kule."

Wahenga walisema: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Kanga akaketi katikati ya njia. Hakulia. Alikuwa amechoka hata kulia. Akayarudia maneno yote aliyoambiwa, neno kwa neno, jinsi mtu anavyochambua mchele. Kisha akajipangusa vumbi akaenda barazani, mji mzima ulipokuwa umekusanyika.

"Sikuja kulalamika," akasema. "Nimekuja kubadilishana. Bwana Mbweha, ulikuwa macho?"

"Macho makavu."

"Hakupita mwizi?"

"Hakupita."

"Kwa hiyo sijaibiwa."

"Ndilo ninalokwambia tangu asubuhi, Bi Kanga."

"Kwa hiyo kihenge changu kimejaa mtama."

Mbweha akakaza mkanda wake. "Kitakuwa kimejaa."

"Na ni kikubwa kuliko chako. Basi mbele ya watu hawa, chukua changu, nami nichukue chako. Tusifunguliane. Wewe utapata faida, nami sitatembea tena."

Ngiri alikuwa macho kwa mara ya kwanza tangu mji uanze. "Chukua, polisi," akasema. "Faida hiyo."

"Na nikikataa?"

"Ukikataa, umesema ni kitupu," akajibu Kanga. "Kama ni kitupu, niliibiwa wewe ukiwa macho. Kanu atanilipa."

"Akubali!" akasema Kanu upesi. "Si amesema kimejaa?"

"Alipe yeye!" akasema Mbweha. "Si ndiye mwenye bima?"

"Muulizeni Mbweha."

"Muulizeni Kanu."

Semeni nami, wanangu.

— Nenda kule.

Ndiyo. Safari hii walitumana wao kwa wao, na Kanga akakaa chini akapumzisha miguu.

Mzee Pimbi akafungua jicho la pili. "Inatosha," akasema. "Bi Kanga atajaziwa leo hii, nusu kutoka kwa Mbweha, nusu kutoka kwa Kanu. Na kuanzia leo, polisi na mwenye bima watakula kutoka ghala moja, la bima. Kwanza ataletwa aliyeibiwa, apimiwe. Kitakachobaki ndicho chakula chao."

Tangu siku ile Mbweha alizunguka mji kwelikweli, na Kanu alizunguka naye, akimpiga kiwiko kila aliposinzia.

Jioni vifaranga walikula mtama wakalala, matumbo duara.

Nani ananyoosha mkono? Uliza, mwanangu.

Unauliza nani aliiba.

Swali zuri. Pale barazani hakuna aliyeliuliza. Mji mzima ulishughulika na nani alipe na nani asilipe, na mwizi akaenda zake polepole, tumbo mbele.

Kanga aliliona hilo. Alipata mtama wake, usingizi hakuupata. Wengine walipolala, yeye alipanda juu ya kihenge akakaa. Hata leo, jani likianguka, kanga hupaza sauti. Watu husema ndege huyu ana kelele za bure. Si za bure. Bado anauliza.

Ngano yangu naitua hapa, wanangu. Aliyechoka aiegemee. Aliye macho ailinde.