Sarafu ya Pacha wa Kisesa

Kuna watu wanaoamka na jana, wakala nayo na kulala nayo. Ukiwauliza habari za leo, watakujibu za mwaka juzi. Mmoja wao alikuwa Doto, mama wa makamo wa Buswelu, mcheshi, mwenye mkono mtamu jikoni, ambaye asingekuwa na kasoro yoyote kama asingeifungia sarafu kinyongo.

Doto alikuwa na pacha wake, Kulwa, aliyeolewa Nansio, kisiwani Ukerewe. Kwa desturi ya Wasukuma, pacha anayetangulia kuzaliwa huitwa Kulwa na anayefuata huitwa Doto. Tangu utotoni Kulwa ndiye aliyetangulizwa katika kila jambo: kupakuliwa chakula, kunyolewa, hata kuchomwa sindano. Hilo la sindano Doto hakuwahi kulilalamikia. Baba yao alipofariki, mama yao Paskazia alibaki Kisesa, na kila binti akataka mama ale Krismasi kwake. Kwa kuwa wote wawili walikuwa na vichwa vigumu, walikubaliana kurusha sarafu kila Novemba mbele ya mama mwenyewe. Kikitokea kichwa, mama angevuka ziwa kwenda kwa Kulwa. Akitokea simba wa upande wa pili, angekwenda kwa Doto.

Miaka minne mfululizo kilitokea kichwa.

Mara ya kwanza Doto alicheka. Ya pili alitabasamu kwa shida. Ya tatu alidai sarafu ibadilishwe, ikabadilishwa. Ya nne alirudi Buswelu bila kuaga, na tangu siku hiyo akaacha kupokea simu za pacha wake. Moyoni alikwisha kuamua kwamba hata sarafu inajua nani Kulwa na nani Doto, na haiwezi kumpa wa pili mbele ya wa kwanza. Kilichomuuma zaidi ni nyumba yake mpya. Mama alikuwa anazeeka, magoti yanamsumbua, naye alikuwa hajalala humo hata mara moja.

Novemba ya mwaka huu ilipofika, Doto alitangaza kwamba haendi Kisesa. Mumewe, Mayala, alimbembeleza kwa hoja aliyoiona nzito: sarafu iliyomnyima mara nne lazima sasa iingiwe na haya, kwa hiyo simba yuko njiani. Binti yao Modesta, aliyekuwa likizo kutoka chuo cha ualimu kule Butimba, alikuwa anachambua mchele kando yao. Alicheka mpaka ungo ukayumba, akawaambia kwamba wote wawili wamekosea, kila mmoja kwa njia yake.

Akatoa sarafu ya shilingi mia mbili, akawaeleza kama anavyofundishwa kufundisha. Ukirusha mara moja, uwezekano wa kupata kichwa ni nusu. Ukirusha mara mbili, kupata kichwa mara zote mbili ni nusu ya nusu, yaani robo. Mara tatu ni moja ya nane, na mara nne ni moja ya kumi na sita. Ni jambo la nadra, alisema, lakini si uchawi. Wakusanye pacha jozi kumi na sita, warushe hivyo hivyo, na usishangae jozi moja ikipatwa na yaliyompata mama yake.

"Na mara tano?" Doto aliuliza.

"Moja ya thelathini na mbili."

Mayala alipiga goti lake kwa furaha. Kama ni vigumu kiasi hicho, basi mwaka huu simba hana pa kujificha.

Modesta akatikisa kichwa. "Hapana, baba. Hiyo ni hesabu ya mtu ambaye hajaanza kurusha. Hizo nne zimeshatokea, hazirushwi tena. Imebaki moja tu, na hiyo ni nusu kwa nusu kama siku ya kwanza. Sarafu haikumbuki kitu."

Doto aliichukua ile sarafu, akaigeuza mkononi. Alikuwa ametumaini kwamba angalau sarafu inajua imemwonea. Akauliza taratibu kama machungu yake ya miaka yote hiyo hayahesabiki popote.

"Yanahesabika kwako, mama," Modesta alisema. "Kwenye sarafu hayapo. Na kwa mama mkubwa sidhani kama yapo, maana kila Jumapili anakupigia."

Neno hilo lilimchoma Doto kuliko hesabu zote. Kulwa hakuwa amemkosea lolote ila kuitwa Kulwa. Jumamosi ya kurusha sarafu alivaa kitenge chake kizuri, akamchukua Modesta, wakaenda Kisesa.

Walimkuta Kulwa ameshafika. Doto alimpa mama shikamoo, akaitikiwa marahaba ndefu yenye swali ndani yake. Baada ya chakula Kulwa alitoa sarafu, lakini hakuirusha. Alimwambia pacha wake amchukue mama mwaka huu, kwa sababu ameonewa vya kutosha.

Nusura Doto akubali. Lakini aliona kwamba akimpokea mama kama fidia, mwakani wangekuwa bado wanahesabiana. "Haijanionea," alisema. "Irushe."

Sarafu ikapaa, ikatua mkekani. Kichwa.

Kulwa alijifunika uso kwa khanga akaanza kulia, utadhani aliyeshindwa ni yeye. Doto aliitazama sarafu. Kisha, kwa mshangao wake mwenyewe, akacheka. Moja ya thelathini na mbili, na wao ndio walioipata!

"Usilie," alimwambia pacha wake. "Mama anakuja kwako, na safari hii nitamleta mimi. Nitengee na mimi sahani."

Kulwa alishusha khanga. "Huwa nakutengea, Doto. Kila Krismasi nakutengea, na kila mwaka naiondoa mezani ikiwa safi."

Hapo Doto naye akalia, na mama akawaacha walie mpaka waliporidhika. Krismasi walivuka pamoja kwa kivuko hadi Nansio, na Mwaka Mpya wote wakahamia Buswelu. Mama Paskazia alilala katika nyumba mpya katikati ya binti zake, kwenye kitanda kimoja, akilalamika kwamba wanambana na akikataa katakata kuhamishwa. Ama kweli, yaliyopita si ndwele, tugange yajayo.