Kihampa Dhidi ya Sikudhani

Mzee Kihampa alikitaka kiwanja cha Sikudhani, mkaanga mihogo, apate kupanua zizi la mbuzi wake. Akafungua kesi kwenye baraza la kata, ambalo mwenyekiti wake alikuwa nani? Yeye mwenyewe!

"Shikamoo, mheshimiwa," Sikudhani akaanza. "Hivi mlalamikaji anaruhusiwa kujiamulia kesi?"

"Koma, mama! Nikikaa hapa mimi ni mwenyekiti tu. Huyo mlalamikaji simjui hata kwa sura!"

"Karani, umeyaandika hayo?"

"Neno kwa neno, mama."

"Basi mlalamikaji aitwe mara tatu, kama ilivyo desturi ya baraza."

Karani akasimama mlangoni, akapaza sauti: "Kihampa! Kihampaa! Kihampaaa!" Walioitikia ni mbuzi tu. Kitini, Kihampa alifumbua kinywa, akakifumba. Aitikie mbele ya watu kwamba ndiye?

"Hayupo, mheshimiwa," karani akaripoti.

"Na asipofika inakuwaje?" Sikudhani akauliza kwa upole.

"Kesi... inafutwa."

"Umwonye pia, baba. Katupotezea muda."

Kihampa akaifuta kesi, akakohoa, kisha akamkaripia Kihampa vikali mpaka karani akamwonea huruma.