Mtende wa Mwanakombo

Makuti si moyo. Mmemsikia shangazi yenu akimwambia hivyo Rukia, aliyefeli mtihani, nanyi mkataka kujua maneno hayo yametoka wapi. Yalitoka nyumbani kwetu, hapa hapa Usambara, nami nilikuwapo.

Methali hii ilianza hivi. Kaka yangu Shekalaghe, fundi mwashi, alikwenda kujenga Pangani akarudi na mke, Mwanakombo. Pamoja na sanduku lake la nguo, bibi harusi alibeba mche wa mtende ndani ya kopo la rangi. Baba yake ndiye aliyeuotesha.

Mama yetu aliutazama, akasema, "Vitu vya pwani havidumu huku kwenye baridi. Wala watu wake."

Mwanakombo alichagua mahali penye jua, kando ya ukuta wa jiko, akachanganya udongo na mchanga, akaupanda mche juu ya tuta ili maji yasituame. Hakumwagilia kabla ya kutia kidole ardhini na kuona pamekauka.

Mwezi wa saba jalidi ilianguka. Asubuhi tatu mfululizo nyasi ziliamka nyeupe. Makuti ya mtende yakageuka rangi ya tumbaku, na mama akaja na panga.

"Umekufa. Hapa nitapanda kabichi."

"Mama, kabla hujakata, shika hapa," alisema Mwanakombo, akimwonyesha jani changa la katikati, lililojikunja na kusimama kama mkuki. "Vuta."

Mama alivuta. Akavuta tena, kwa mikono miwili.

"Limekaza," alikiri.

"Moyo wa mti ungekuwa umeoza, lingechomoka. Na hayo makavu tuyaache, yanaukinga mpaka baridi ipite."

Mama aliondoka na panga lake. Mwezi wa tisa jani lile likafunguka, kijani kibichi.

Mwaka uliofuata Mwanakombo alijifungua mtoto mfu. Homa ikamshika, miezi miwili hasimami. Nywele zilipukutika, ngozi ikapauka, mashavu yakabonyea. Wazee wa ukoo wakakutana uani kwetu.

"Mrudishe kwao akafie kwa mama yake," baba mkubwa alimwambia kaka. "Wewe bado kijana, utaoa mwingine."

Kaka aliinamisha kichwa. Nilidhani atakubali.

Hapo mama akatoka jikoni, mwiko wa uji mkononi.

"Nani kati yenu amemshika mkono?" aliuliza. "Mnamtazama kutoka mlangoni, mnampima kaburi! Mimi ndiye ninayemlisha. Kila nikitaka kuinuka hunikamata kifundo cha mkono, tazameni, alama hizi hapa. Mwanangu huyu haendi popote. Mmeona makuti tu, na makuti si moyo!"

Wazee walikunywa uji wakaenda zao.

Mama alimuuguza. Mvua za vuli zilipoanza, Mwanakombo alishuka sokoni kwa miguu yake mwenyewe, kitambaa kichwani, na wale wazee wakampisha njia. Baadaye alizaa watoto wanne.

Maneno ya mama yalitoka uani kwetu yakaenea mlima mzima. Mtu akinyaushwa na masaibu hatumchimbii shimo. Tunamshika mkono kwanza, tusikie kama bado anakaza. Makuti si moyo.