Nguvu Bila Moshi

Mzee Shekilindi, mwenye kiwanja ilipojengwa gereji ya fundi Mkunde, aliingia humo na gari lake, masharubu yaking'aa kwa mafuta ya nazi.

“Nataka lipande mlima kama mbuzi, tena bila moshi! Nikiona moshi, unahama leo leo.”

“Mzee, nikiongeza petroli kwenye kabureta, nguvu inakuja na moshi wake. Nikipunguza, vyote vinaondoka.”

“Sitaki hadithi.”

“Na usipouona?”

“Kiwanja chako!” Mzee akacheka.

“Hakimu nani?”

“Macho yangu haya! Ya mtu mwingine siyaamini.”

Mkunde akalegeza skrubu ya petroli mpaka mwisho, akapangusa vioo, akamkaribisha kwenye usukani. Gari likaruka! Likaukwea mlima likinguruma, wauza mapeasi wa mbele ya gereji wakabaki nyuma wakikohoa, masizi mpaka kwenye kope.

Liliporudi, Mkunde akapenyeza mkono dirishani, akazima injini upesi.

“Umeona moshi, Mzee?”

“Wapi! Safari nzima nimeona masharubu yangu tu. Yamenipendeza, wallahi! Kiwanja chukua.”

Wakapeana mikono mbele ya wauza mapeasi. Kisha Mkunde, taratibu, akavigeuza vile vioo vyote vitatu, vikaacha kumtazama mzee usoni, vikatazama tena barabara ya nyuma.