Neno Lililoinua Vigoda

Mtu mmoja alikuwa na neno. Hakuwa na ng'ombe wengi kuliko jirani zake, wala shamba lake halikuwa na rutuba kuliko mengine ya mteremko ule. Lakini alikuwa na neno, na kwa neno hilo aligawa maji. Jina lake Mbonea. Alikuwa mwenyekiti wa ndiva, yaani lile bwawa la udongo ambalo watu wa milima ile hulijaza usiku kwa maji ya kijito na kulifungua asubuhi, ili maji yashuke kwenye mfereji mpaka mashambani, kila nyumba kwa zamu yake. Na neno lake lilikuwa fainali.

Halikuwa lake tangu mwanzo. Aliyelileta ni Mzungu mpima ardhi, aliyepanda mlima na kamba na vigingi enzi za babu zao. Wenye elimu husema kwamba kule neno lilikotoka, zamani sana, kabla Waingereza hawajalichukua, lilikuwa na maana ya mpaka, pale shamba la huyu linapokutana na shamba la yule. Baadaye likawa mwisho wa kitu chochote, hata mwisho wa safari. Yule Mzungu alipomaliza kupigilia vigingi vyake alilitamka mara moja tu, akimaanisha kwamba kazi yake imekwisha na anataka kushuka kabla mvua haijamkuta njiani. Watu walikuwa na maswali mengi juu ya vigingi vile. Mkalimani wake, Kirusha, babu yake Mbonea, hakuwa na majibu. Akawaambia, "Amesema fainali. Maana yake msiulize."

Hivyo ndivyo neno lilivyoingia mlimani, likiwa limekwisha kupotoshwa siku ile ile ya kwanza. Mzungu akaenda zake, vigingi vikaliwa na mchwa, neno likabaki kwa Kirusha. Alipofanywa jumbe, akalitumia barazani. Tuseme haki, siku zile lilikuwa na faida. Watu waligombania maji tangu asubuhi mpaka kuku wanaingia bandani, na Kirusha hakulitamka kabla wagomvi wote wawili hawajasikilizwa na kila mmoja hajachoka mwenyewe. Hapo ndipo aliposema fainali, watu wakasimama, wakabeba vigoda vyao, wakaenda kunywa pombe ya miwa pamoja. Kwa mwanawe Kirusha lilianza kuja mapema kidogo. Kwa Mbonea halikungoja kitu. Yeye alilisema mtu akiwa bado anakohoa ili aanze kuzungumza.

Na desturi ya ndiva ilikuwa hii. Kikao hukaa juu ya tuta la bwawa, asubuhi, kabla maji hayajafunguliwa, na kila mtu huja na kigoda chake. Kikao kikiwa kimekaa, hakuna anayegusa ule mti mrefu uliozibia tundu la bwawa, hata awe mwenyekiti. Sheria hiyo aliiweka Kirusha mwenyewe, kwa sababu kulikuwa na wajanja waliowaacha wenzao wakibishana, wakateleza chini kwenda kujifungulia maji. Kikao huisha watu wakisimama. Na watu husimama wakisikia fainali. Walizoea mno, mpaka miguu yao ikawa inasikia kabla ya masikio. Wanawake walinyanyuka na titi bado liko mdomoni mwa mtoto.

Kulikuwa na mwanamke aitwaye Nakunda, ambaye mumewe alifariki mwanzoni mwa masika, akamwachia mtoto wa kike wa kunyonya, Niwaeli, na shamba la maharage mwishoni mwa mfereji. Nakunda hakuwa msemaji. Hata sokoni aliuza kwa kuonyesha tu fungu na kungoja. Lakini baragumu la msaragambo lilipolia, kuita watu wote wakasafishe mfereji, hakukosa hata mara moja. Alizoa tope akiwa na mimba kubwa. Alizoa tope akiwa na matanga nyumbani. Asiyekuja msaragambo hana maji, ndivyo walivyofundishwa wote, na yeye aliamini kwamba anayekuja anayo.

Maharage yalipoanza kutoa maua, mvua ikakatika. Nakunda akaenda kikaoni kuuliza kwa nini zamu ya nyumba yake imempita. Alikuwa ameyapanga maneno yake njiani, machache, yasiyomwudhi mtu. Akanyoosha mkono. Mbonea hakumtazama. Alikuwa akichokoa udongo kwenye kiatu kwa kijiti.

"Zamu ilikuwa ya marehemu," akasema. "Amekwenda nayo. Sasa nimempa mpwa wangu, kijana ana nguvu, ataitumia vizuri. Fainali."

Watu wakasimama. Na Nakunda naye akasimama. Alikwisha kufika katikati ya mteremko, kigoda kichwani, mtoto mgongoni, ndipo alipogundua kwamba ameondoka bila kusema hata neno moja kati ya yale aliyoyapanga. Hakuna aliyemsukuma. Hakuna aliyemshika mkono. Alisimama kwa miguu yake mwenyewe kama mbuzi anayesikia kengele. Hasira ilimpanda pale pale, na haikuwa ya Mbonea peke yake. Aliwakumbuka wote waliokuwa wameketi kulia kwake na kushoto kwake, waliokula maharage ya marehemu siku ya msiba na kumwambia, mama Niwaeli, hatutakuacha.

Siku zilizofuata alichota maji kijitoni kwa ndoo, akamwagilia shina moja moja. Ardhi ilikunywa kabla hajageuka. Maua yalianza kukauka yakiwa hayajafunga. Yale maharage ndiyo chakula chao mpaka vuli, na hakuwa na mengine. Jioni moja alipita na ndoo kando ya uwanja wa mpira ambapo vijana walikuwa wakichora mistari kwa majivu. Walikuwa wanashindania mbuzi.

"Mama Niwaeli, kesho fainali," mmoja akampigia kelele. "Njoo utushangilie."

"Atashinda nani?" akauliza, kwa adabu tu.

"Mama nawe. Haijachezwa, nani atajua?"

Wakacheka, wakaendelea na majivu yao. Nakunda akasimama pale, maji yakichuruzika kutoka kwenye ndoo na kumlowesha bega. Kwa watoto hawa, siku ya fainali ni siku ambayo pande mbili zinaingia uwanjani na bado hakuna anayejua. Hawakujifunza hilo kwa Mbonea. Akatembea mpaka nyumbani akilitafuna neno lile.

Kikao kilichofuata alikuja mapema, akaweka kigoda chake mbele, karibu na ule mti wa kuzibia. Bwawa lilikuwa limejaa mpaka ukingoni. Kila mtu alikuwa na shamba linalomngoja, na zamu ya kwanza asubuhi ile ilikuwa ya Mbonea mwenyewe. Nakunda akanyoosha mkono. Mbonea akauona, akasema, "Lile nilikwisha kulijibu. Fainali," na vigoda vikainuka kwa pamoja, kwa ile sauti ya mbao na nguo kukung'utwa.

Nakunda alikuwa ameketi.

Magoti yake yalitaka kuinuka, alilazimika kuyashika kwa mikono. Akamvuta mtoto mbele, akamnyonyesha. Watu waliokuwa wameanza kushuka wakageuka.

"Mama Niwaeli, inuka," akasema mwanamke mmoja kwa upole. "Jua linapanda."

"Pengine kigoda kimemng'ang'ania," akasema Kazeni, ambaye hakupitwa na mzaha wowote, na ambaye zamu yake ilimfuata Mbonea. "Mwiteni fundi aje na patasi."

Watu wakacheka, hata yule mwanamke mpole. Nakunda alikiona kicheko kile mdomo kwa mdomo, na wote aliwafahamu kwa majina.

Mbonea akaja akasimama juu yake. "Wewe mama. Hujasikia nilivyosema?"

"Nimesikia, baba. Limekwisha kwako. Kwangu halijaanza."

Alilisema kwa sauti ndogo, kwa sababu hakuwa na nyingine. Waliokuwa nyuma hawakusikia, wakawauliza waliokuwa mbele, amesemaje, na waliokuwa mbele wakawaambia. Hivyo likapita juu ya tuta lote, kwa mdomo wa huyu na wa yule, wale wale waliokuwa wanacheka. Wengine walilisema kwa dhihaka, lakini walilisema.

Mbonea akatema mate pembeni. Akamzunguka Nakunda, akashuka kwenye ngazi za mawe, akaushika ule mti wa kuzibia kwa mikono yote miwili.

Kicheko kikakoma. Kazeni alikuwa ameshika kigoda chake kwapani. Akamtazama mwanamke aliyeketi, akautazama mkono wa mwenyekiti, na ilionekana wazi kwamba kuna hesabu inafanyika kichwani mwake. Kama maji yanaweza kufunguliwa kikao kikiwa bado kimekaa, basi yanaweza kufunguliwa wakati wowote. Yanaweza kufunguliwa hata asubuhi ambayo ni zamu ya Kazeni.

"Mwenyekiti," akasema, na safari hii hakutania. "Kikao kimekaa."

"Kimekaa na nani? Na mtu mmoja?"

Kazeni akaweka kigoda chake chini, akakaa. "Wawili," akasema.

Wengine wakafuata. Isidhaniwe kwamba walimwonea huruma mjane. Huruma walikuwa nayo tangu msibani, na haikumletea hata kata moja ya maji. Walikaa kwa ajili ya mashamba yao. Kila mmoja aliona mkono ule juu ya mti, akaona siku yake inakuja. Yule mwanamke mpole alikaa wa mwisho, akijifunika uso kwa upande wa kanga.

Mbonea akawatazama kutoka chini. Akalisema tena lile neno, kwa sauti kubwa, kama babu yake alivyolisema, na baba yake. Hakuna goti lililonyooka. Akangoja. Maji yalikuwa yakigusa ukingo wa tuta na kupiga kidogo kidogo. Hakuna aliyewahi kumwona Mbonea akingoja, na alionekana mfupi kuliko walivyodhani. Mwishowe akauachia mti, akapanda, akaketi kwenye kigoda chake kama mtu yeyote.

Nakunda akasema. Hakusema mengi. Alisema amezoa tope lini na wapi, na nani alikuwa kando yake akizoa, na waliotajwa wakaitikia kwamba ni kweli. Alisema zamu hupewa nyumba inayozoa, na marehemu hazoi. Alipomaliza, Mbonea akauliza kama kuna mwenye la kupinga. Hata mpwa wake alikuwa anatazama vidole vya miguu. Zamu ikarudi mahali pake.

Hapo watu wakachangamka. Wakaanza kumsifu, wanawake wakataka kupiga vigelegele, kama vile wao ndio waliopigana. Kazeni akajipangusa suruali. "Umetuweza, mama Niwaeli," akasema. "Haya sasa, turuhusu tusimame. Jua limetuchoma."

Nakunda hakutabasamu. Alikuwa akitazama nyuma yao, ng'ambo ya mfereji, kwenye shamba lililoota magugu, la watu waliohamia mjini baada ya kuambiwa fainali. Nao walikuwa wamenyoosha mkono kikaoni, wale. Aliukumbuka vizuri. Naye alikuwa amesimama siku ile, akakung'uta nguo yake, akaenda kumwagilia.

"Ulizeni kwanza," akasema, "kama yuko mwingine ambaye hajasikilizwa."

Watu wakanung'unika. Kazeni akasema jamani, jamani. Lakini walibaki wamekaa, kwa kuwa yeye alikuwa amekaa, na upande wa nyuma kabisa, ajuza mmoja aliyenyang'anywa zamu yake miaka ile Mbonea alipokuwa mgeni kitini akanyanyua mkono polepole, kama mtu asiyeamini kwamba bado anao. Maji yakangoja. Mashamba yakangoja. Jua likawachoma wote sawasawa, na hiyo ilikuwa haki ndogo kabisa ambayo wangeweza kumlipa ajuza yule.

Neno halina mikono ya kuziba maji, wala halina miguu ya kuwaondoa watu juu ya tuta. Basi wewe unayesema ulikuta mambo yamekwisha kuamuliwa, siku ile mwenzako alipokuwa bado amenyoosha mkono, miguu iliyosimama ilikuwa ya nani?