Bei ya Kisanduku cha Kindi

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na maduka na majirani wasiopendana kama sisi leo, Kindi alikuwa na meza ndogo sokoni. Nyie wa nyuma, tulieni. Hatujafika bado penye kicheko.

Jirani zake walikuwa Tembo na Kifaru. Hao waliuza redio kubwa kama mizinga ya nyuki, moja shilingi ishirini. Zililia ndu, ndu, ndu, mpaka majani yakapukutika mitini.

Kindi aliuza visanduku vya muziki, vidogo kama kokwa la embe. Kila kimoja kilikuwa na nyimbo alizochagua mnunuzi mwenyewe. Unakiweka sikioni, unasikia wewe tu. Bei, thelathini.

"Kadogo hivyo, thelathini?" Tembo akacheka. "Mama, unauza kisanduku au shamba?"

"Nauzia wachache, Mzee Tembo. Wachache wananitosha."

Lakini asubuhi moja Kindi hakuwa na hata kimoja kinachoimba. Nyaya za ndani zilimwishia, na nyaya hizo zilipatikana ndani ya redio tu. Mfukoni alikuwa na shilingi kumi na tano. Na sheria ya soko ilikuwa kali: meza isiyouza kitu mpaka jua lizame, hupewa jirani.

Kindi akafikiri. Kisha akaenda kwa majirani, mkia umelala chini.

"Wazee wangu, shikamooni."

"Marahaba. Umekuja kuaga?" Kifaru akauliza.

"Nimekuja kuwaomba. Ishirini yenu naiweza. Hata mkiuza kumi, nitahangaika hivyo hivyo. Ila msishuke mpaka tano, nawasihi. Mkifika tano, meza yangu imekwisha leo hii."

Tembo na Kifaru wakatazamana. Kindi hajarudi hata mezani kwake, akamsikia Kifaru akinadi: "Redio shilingi tano! Shilingi tano tu!"

Punde akafika Nungunungu, shangazi yake Kindi, akisukuma mkokoteni. Zile kumi na tano za Kindi alikuwa nazo yeye.

"Nipeni tatu."

"Tatu? Kwani nyumba yako ina masikio mangapi?" Kifaru akamtania.

"Baba, unauza au unahesabu watu wa kwangu? Na nyongeza yangu iko wapi? Mtu ananunua tatu, halafu aondoke hivi hivi?"

Tembo, kwa furaha aliyokuwa nayo, akamwongezea mfuko wa betri.

Nyuma ya kichuguu, kri, kri, kri, meno ya Kindi yakafungua redio. Nyaya za redio moja zilitosha visanduku vinne. Jua halijafika utosini, visanduku vinaimba mezani.

Wa kwanza kuja alikuwa Korongo, aliyefiwa na mkewe msimu wa mvua uliopita.

"Punguza kidogo, binti."

"Babu, hapo jirani ni tano."

"Hapo jirani nitasikia mimi na soko zima. Wimbo huu tulikuwa tukiusikiliza wawili."

Akakiweka sikioni, akafumba macho, akasimama hivyo kitambo. Kisha akalipa thelathini, akaondoka polepole.

Baada yake akaja Popo, anayelala mchana. Akaja Mama Mbuni, mwenye makinda yasiyotaka kuamshwa. Foleni ikawa ndefu.

Jioni Tembo na Kifaru wakaja kuchukua meza. Wakakuta wateja wamekaa juu ya masanduku matatu makubwa.

"Kindi, mbona viti hivi vina jina langu?" Tembo akauliza.

"Ni redio zako, Mzee, alizonunua shangazi. Vya ndani nimevitumia. Haya maganda nikaona nisiyatupe, wateja wasije wakachoka miguu."

"Lakini wewe mwenyewe ulituomba tusishuke mpaka tano," Kifaru akasema.

"Niliwaomba, wazee wangu. Hamkunisikiliza."

Tembo akaona afadhali akae. Akakalia sanduku lake mwenyewe, nalo likasema kwacha, likawa kuni.

Wanangu, anayepanga bei yake ili kumkomoa jirani, humfanyia jirani biashara.